Kipupwe cha Njombe na kuku wa uani: tunavyovuka Juni hadi Agosti

Kinyungu Kijani (mleta uzi)

Wakuu, habari za asubuhi. Huku kwetu nje kidogo ya mji wa Njombe leo tumeamka nyasi za bondeni nyeupe pe, na ndoo niliyoisahau nje imeshika utando wa barafu. Ndiyo tumeingia msimu wenyewe. Nimeona wengi mnauliza mbona kuku wanakufa kila ikifika Juni, na majibu mengi ni yale yale: ongeza joto, ziba banda. Mimi niliziba. Naomba nieleze kilichonipata kisha niseme tunavyofanya sasa, maana najua kuna mtu muda huu ana vifaranga ndani, turubai begani na misumari mkononi.

Mwaka 2019 nilileta vifaranga 100 wa Sasso, kuku chotara wa nyama na mayai, kutoka Iringa, wiki ya pili ya Juni. Walifika wamenyong'onyea kwa safari. Banda langu lilikuwa la mbao, bati juu, wavu pande mbili. Usiku ule baridi ilikuwa kali, mke wangu akasema hawa watoto hawafiki asubuhi. Nikapigilia turubai kuanzia kwenye bati mpaka chini, pande zote, na chini ya mlango nikasokomeza matambara. Ndani nikaweka majiko mawili ya mkaa. Saa 4 usiku nilichungulia, pana joto zuri, vifaranga wametulia. Nikaenda kulala.

Saa 11 alfajiri nafungua mlango, 43 wamekufa. Hawakuwa wamerundikana kama vifaranga waliopigwa na baridi. Walikuwa wametawanyika banda zima, wamelala ubavu, kama waliokuwa wakila wakasinzia. Nilipoinama kuwaokota kichwa kikaanza kuzunguka na magoti kulegea. Mke wangu ndiye aliyenivuta nje kwa shati.

Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ni ileile inayoua watu wanaoingiza jiko chumbani wakafunga madirisha. Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote kwenye uzi huu: jiko la mkaa halilali ndani ya chumba kilichozibwa, kiwe cha kuku, kiwe cha mtoto wako.

Waliobaki 57 nao hawakupona kirahisi. Niliondoa majiko, nikafunga taa, lakini turubai nikaliacha. Wiki ya tatu wakaanza mafua, macho yamevimba, wanakoroma usiku, halafu kuhara damu. Nikamwita bwana mifugo wa kata yetu. Nilitegemea afungue begi atoe dawa. Badala yake akaniambia, "Chuchumaa hapa, kichwa kiwe kimo cha kuku, ukae." Hazikuisha dakika mbili machozi yananichuruzika na koo linawasha. Akasema, "Wewe umekaa dakika mbili. Wao wako humu wiki tatu."

Kisha akaninyoshea kidole kwenye bati. Lilikuwa limejaa matone. Kuku anapumua usiku kucha, na kinyesi chake sehemu kubwa ni maji. Mvuke wote huo ukipanda unakutana na bati la baridi, unageuka maji, unadondoka kwenye maranda. Maranda yakilowa, kinyesi kinatoa ile hewa kali inayochoma macho na mapafu, na vijidudu vya kuhara damu vinazaliana humo kwa raha. Mimi nilikuwa napambana na baridi ya nje wakati ugonjwa naupika mwenyewe ndani.

Tangu hapo sijawahi kulitazama banda kwa jicho lile. Kuku mkubwa aliyeota manyoya yote, mwenye chakula tumboni, mahali pakavu pasipo na upepo wa moja kwa moja, anaimudu baridi ya Njombe bila jiko wala taa. Kinachomshinda ni kulala kwenye unyevu.

Tulibadilisha hivi. Upepo huku miezi hii unatoka kusini mashariki. Upande huo tumeuziba kabisa kwa mabanzi na tope, kuanzia chini hadi juu. Upande wa pili tumeziba hadi kimo cha kifua, na juu kabisa chini ya bati tumeacha uwazi wa upana wa kiganja, urefu wote wa banda, umewekwa wavu dhidi ya vicheche. Huo uwazi haufungwi hata usiku wa baridi kuliko zote. Chini ya bati tumetandaza fito na nyasi kavu kama dari, unene wa shubiri moja, na matone yamekwisha. Fito za kulalia ziko juu ya usawa wa kiuno, mbali na ule uwazi. Tumetumia mbao bapa ya inchi mbili badala ya mti mwembamba wa mviringo, ili kuku akikaa manyoya ya tumbo yafunike vidole vyake vyote.

Chini, maranda. Sisi wa nyanda za juu kusini tumejaliwa misonobari na viwanda vya mbao, maranda tunayapata kwa bei ya kubebea tu. Ninamwaga kina cha shubiri, nageuza kwa reki kila siku ya pili, na palipolowa napaondoa siku hiyohiyo. Unga mwembamba wa msumeno siuweki kwa vifaranga, wanaumeza wakidhani chakula, na vumbi lake linawaziba pua. Na kila jioni nachuchumaa. Mke wangu naye anachuchumaa. Macho yakiwasha tu, hatulali kabla hatujabadilisha.

Kwa vifaranga siku hizi tunatumia kinengunengu. Ni sanduku la mbao, letu lina kama sentimita 60 kila upande, limezungushiwa nyasi kavu zilizoshindiliwa, na juu yake unalaza gunia lililojazwa nyasi kama mto. Vifaranga 40 wanakaa humo wakipashana joto la miili yao wenyewe. Linatobolewa matundu ya hewa karibu na juu, na lina kijimlango cha kutokea kwenda kwenye chakula na maji. Siku tano za mwanzo, kwa sababu ya baridi yetu, naongeza dumu la lita 5 la maji ya moto lililofungwa gunia, naliweka kona moja, nalibadilisha saa 4 usiku na saa 10 alfajiri. Kazi ipo. Ila sijapoteza zaidi ya vifaranga watatu kwa kundi tangu tuanze.

Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, halafu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Lakini usihangaike na kipimajoto, watazame wenyewe. Wakirundikana wakilia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, wanaungua. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala, umepatia.

Nawakaribisha wenye uzoefu, wa Makete, Mufindi, Lushoto, Kinangop na kwingine kwenye baridi. Nitajibu kila swali.

Kijana wa Mafinga

Mkuu, asante kwa kuandika. Hapo kwenye vifaranga 43 nimesimama nikaenda kuangalia banda langu. Swali langu: huo uwazi wa juu hauingizi baridi? Mimi nimeziba mpaka juu na kuku wangu ni 30 wakubwa, hawajafa, ila asubuhi bati linachuruzika kama ulivyosema na wawili wanakoroma.

Kinyungu Kijani

Kaka, unaingiza baridi, sikufichi. Ndani ya banda langu alfajiri si kwa joto sana kuliko nje. Ila ile hewa yenye mvuke ni ya joto, inapanda, inatokea hapo juu, wakati kuku wako chini yake kwenye fito, upepo hauwapitii mgongoni. Manyoya makavu yanatunza joto kuliko turubai lolote. Yakishapata unyevu hayatunzi tena, ni kama wewe ulale na blanketi lililoloa. Anza leo, toa turubai kiganja kimoja juu, upande usio na upepo. Hao wawili watenge kwanza, usisubiri.

Mama Upendo, Makete

Hamjambo jamani. Mimi nimezaliwa huku Makete, tunakoita Njombe mjini kwenye joto. Nikiwa mdogo kuku walilala jikoni kwa bibi, pembeni ya mafiga, nasi tulikuwa tunaota moto upande wa pili. Moshi kila siku. Hatukuwahi kuona wanakoroma hivi. Leo nina banda la bati la kisasa na kila Julai nanunua dawa ya mafua. Maelezo yako ya bati kutoa jasho yamenifungua, maana jiko la bibi lilikuwa la nyasi.

Niongeze jambo la kuatamia. Huku sisi mitetea hatuwawekei mayai Juni na Julai. Mtetea akishuka kula kidogo tu, mayai yanapoa, na wanaoanguliwa wanakuta hakuna wadudu wala majani mateke ya kuparura. Bibi alikuwa anasubiri miti ya matunda ionyeshe maua ndipo anamwekea mtetea wake mayai. Nami nafuata hivyo. Mtetea akilazimisha kuatamia Juni, namtoa kwenye kiota, namweka siku tatu kwenye tenga lenye sakafu ya fito, hewa ipite chini ya tumbo, anasahau.

Kinyungu Kijani

Mama, shikamoo. Jiko la bibi lilikuwa linapumua. Paa la nyasi mvuke unapenya taratibu, halidondoshi tone, na moto wa mafiga ulikuwa unakausha kila kitu. Ila tusirudi kulala chumba kimoja na kuku, moshi ule na vumbi la kinyesi vilikuwa vinawaumiza watoto vifua. Tuchukue paa lake tu. Hata juu ya bati unaweza kulaza nyasi ukazifunga kwa waya.

Hilo la kuatamia nakubaliana nawe kabisa. Kosa langu la 2019 lilianza hapo, kuleta vifaranga Juni. Sasa naleta mwishoni mwa Februari au Machi ili baridi iwakute wana manyoya kamili, au nasubiri Septemba.

Kinangop Juu

Salamu kutoka Nyandarua, Kenya. Huku Kinangop Julai ni ukungu mchana kutwa na viazi vinachomwa na sakitu, hiyo barafu ya alfajiri, kwenye mabonde. Mafundi wetu wa bati wanatengeneza jiko la vifaranga lenye bomba la kutolea moshi nje ya ukuta, hilo linasaidia sana kama huna stima ya kutegemea. La muhimu bomba litoke nje kabisa na liangaliwe kila wiki kama halijaziba.

Lakini nauliza, mbona hujataja dawa za asili? Mimi nawapa kuku wangu maji yenye mshubiri (aloe vera), kitunguu saumu na pilipili kuanzia Mei. Mwaka jana majirani walimaliza kuku wote kwa kideri (mdondo), mimi nikabaki na wangu.

Mstaafu wa Mifugo

Naomba niingie hapa kwa heshima, nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi kabla ya kustaafu. Ndugu yetu wa Kinangop, kitunguu saumu mpe kuku, hakimdhuru. Lakini hakuna mmea wala kidonge kinachotibu kideri. Hata dukani hakuna. Ni kirusi, na kinga yake ni chanjo peke yake. Kuku wako wangeweza kubaki kwa sababu hawakuchangamana na wa jirani, au walishachanjwa kabla hujawanunua. Mwaka mwingine huenda isiwe hivyo, na nisingependa mtu asome hapa akaacha kuchanja.

Kwetu Tanzania kideri hushika kasi miezi ya kiangazi, yaani mara tu baada ya hii baridi, na wakati mwingine ndani yake. Kwa hiyo Mei mtu awe ameshachanja. Ipo chanjo ya matone ya I-2, inatengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, ambayo inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inafika mpaka vijijini. Tone moja kwenye jicho la kila kuku, mkubwa na mdogo tone lilelile, rudia kila miezi mitatu. Mkichanja kijiji kizima siku moja ni bora zaidi. Kuku ambaye tayari anaumwa usimchanje ukidhani unamtibu.

Sasa jambo la baridi ambalo watu wengi linawapita. Chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kirusi unaoshika vifaranga, ile ya siku ya 14 na kurudia siku ya 28, inapitia kwenye maji ya kunywa. Inapaswa kunywewa ndani ya saa mbili hivi, baada ya hapo inakufa. Siku ya ukungu vifaranga hawanywi, wanajikunyata tu. Mtu anaweka saa 12 asubuhi, mpaka saa 5 maji yapo, anaamini amechanja. Hajachanja. Kwa hiyo ondoa maji kwanza kwa saa moja au mbili, subiri jua lipande na vifaranga wachangamke, ndipo uweke maji kidogo yenye chanjo, katika vyombo vingi ili wote wanywe kwa pamoja. Na maji yasiwe ya bomba yenye dawa ya klorini, inaua chanjo. Tumia ya mvua au ya kisima.

Kijana wa Mafinga, hao wanaokoroma usiwape dawa ya kubahatisha. Mpeleke mmoja kwa afisa mifugo aangaliwe. Mafua ya kuku, kideri na ugonjwa wa vumbi na hewa chafu vyote vinaanza kwa kukoroma, na tiba zake si moja.

Kinangop Juu

Nimekuelewa mzee wangu, asante kwa kunirekebisha bila kunivunja moyo. Wiki hii natafuta chanjo.

Mbali na Nyumbani

Wakuu, mimi ni Mtanzania, niko Minnesota, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Nina kuku 6 nyuma ya nyumba kwa kibali cha mji, jogoo hairuhusiwi. Januari hapa inafika nyuzi 25 chini ya sifuri, theluji inafika magotini. Na niwaambie, fundisho ni lilelile la mleta uzi. Jirani yangu aliyekuta kuku wake wana vishungi vyeusi, vimegandishwa na baridi, ndiye aliyeziba banda kila tundu. Banda langu lina matundu juu pande mbili na halina taa ya joto kabisa. Zile taa zikianguka kwenye maranda banda linateketea, na mara nyingi nyumba iko karibu. Vishungi napaka mafuta ya mgando kwenye usiku mbaya, ila wenzangu wa hapa wanasema kinachosaidia zaidi ni ukavu. Wenye vishungi vidogo ndio wanaovuka vizuri. Kuna aina iliyozalishwa Quebec, Kanada, inaitwa Chantecler, kishungi chake ni kama harage tu, ilitengenezwa makusudi kwa baridi hii.

Mayai nayaokota mara tatu kwa siku, yasipookotwa yanaganda na kupasuka. Maji nina sahani ya umeme chini ya chombo. Na kuanzia Novemba nawasha balbu ndogo kabla hakujapambazuka, maana hapa Desemba mchana haufikishi saa 9 za mwanga na kuku bila mwanga wa saa 14 hivi anapunguza kutaga au anaacha kabisa. Huko kwenu mnawasha taa pia?

Kinyungu Kijani

Dada au kaka, pole na hongera kwa kuyaweza hayo. Swali lako ni zuri mno, kwa sababu hapa kuna watu wanatazama video za huko kwenu kisha wanakopa hela kufunga taa wakidhani ndiyo dawa ya mayai kupungua Julai. Njombe tuko karibu na nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mchana wetu mfupi kuliko yote, ule wa Juni, una kama saa 11 na nusu. Ule mrefu wa Desemba haufiki saa 13. Tofauti ni kama saa moja tu. Kuku wa kisasa wa mayai kuongezewa saa mbili tatu za mwanga kunamsaidia mwaka mzima, lakini sababu ya mayai kupungua ghafla kwenye baridi yetu mara nyingi iko kwenye chakula na maji.

Sisi tuna mitetea 55. Miezi ya joto gunia la kilo 50 linatufikisha siku 8. Julai linaisha siku ya 7. Kuku anachoma chakula apate joto kwanza, kinachobaki ndicho kinachokuwa yai. Ukimpimia kilekile cha Desemba, anakula yai lako. Kwa hiyo namwongezea, na nyongeza yenyewe nampa saa 11 jioni, mahindi yaliyoparazwa, konzi moja kwa kuku watatu wanne. Analala gole limejaa, chakula kinasagwa taratibu na kumpa joto mpaka usiku wa manane. Chakula chake kamili cha asubuhi, chenye mashudu, dagaa na chokaa, sikipunguzi, maana mahindi matupu yanampa mafuta bila yai.

Maji ndiyo siri iliyotuchelewa zaidi. Maji ya saa 12 asubuhi huku yanauma meno. Kuku anaonja, anaacha. Asipokunywa hali, asipokula hatagi. Mke wangu alianza kuchanganya birika moja la maji ya moto kwenye ndoo, yawe vuguvugu, ndani ya wiki mbili tukapanda kutoka mayai 22 hadi 31 kwa siku. Hatukubadilisha kitu kingine. Moto ule ule wa chai ya asubuhi ndio unaopasha maji ya kuku.

Mama Upendo, Makete

Hilo la maji nitalifanya kesho. Na shamba je? Wewe jina lako ni la kinyungu, yaani bustani ya bondeni ya kiangazi, na kinyungu changu kimeunguzwa chote na barafu, viazi na maharage.

Kinyungu Kijani

Pole sana mama. Baridi nzito inateremka usiku kama maji, inatuama bondeni. Hata kwangu, hatua 60 tu kupanda mlimani hakuna barafu, na chini kila kitu cheupe. Kwa hiyo viazi vya kiangazi nimevipandisha kwenye mteremko kidogo, bondeni nimeacha kabichi, figiri na vitunguu, ambavyo vinavumilia. Kule ambako bado kuna kitu laini tunamwagilia alfajiri kabla jua halijapiga, kuosha ile barafu kwenye majani. Jua likiikuta ikiwa bado imeganda, majani yanababuka. Miche ya parachichi ya mwaka mmoja naizungushia nyasi ndefu kama kibanda, mdomo ukielekea jua la asubuhi, naziondoa Septemba.

Kuku na shamba vinashikana hapo hapo. Maranda niliyoyatoa bandani siyamwagi shambani mabichi, yanaunguza mizizi. Nayarundika na majani na majivu, nayamwagia maji kidogo na kuyageuza. Ndani ya lundo panachemka, ukiingiza mkono unautoa haraka, hata Julai. Tunalirundika nyuma ya ukuta wa kinengunengu, upande wa nje, joto lake linapenya kidogo. Baada ya miezi mitatu ni mbolea nyeusi isiyo na harufu, inaingia kwenye mashimo ya mahindi mvua za Novemba zikianza. Tangu 2021 sijanunua mbolea ya kupandia kwa eneo la nusu ekari.

Na kiangazi hiki majani mabichi ya kuku ni machache. Majani ya nje ya kabichi tunayafunga kwa kamba, tunayaning'iniza kimo cha kuku kuruka kidogo. Wanashughulika nayo badala ya kudonoana, maana wakifungiwa muda mrefu kwa ajili ya ukungu, kudonoana ndiko kunaanza.

Kijana wa Mafinga

Wakuu, narudi na taarifa. Nilitoa turubai juu upande wa magharibi siku ileile, na juzi nimeweka dari ya nyasi. Leo asubuhi nimepapasa bati kwa ndani, kavu. Mmoja wa wale wawili nilimpeleka kwa afisa mifugo, amesema ni mafua, nimepewa dawa ya siku tano na yule mwingine ameanza kula. Maranda ya zamani nimetoa yote, yalikuwa mazito kama tope. Sasa nauliza ya mwisho: jirani na kwangu wanachonga nguzo za umeme, wanatoa mabaki bure. Nichukue?

Kinyungu Kijani

Kaka, umenifurahisha sana. Ila hayo uyaulizie vizuri kabla hujabeba hata gunia moja. Kama ni maganda na vipande vya mti mbichi kabla nguzo haijaingia kwenye dawa, chukua, uyaanike siku mbili tatu juani. Kama yametoka kwenye nguzo iliyokwisha kuwekwa dawa, ile yenye rangi ya kijani, yaache hapohapo. Ni sumu kwa kuku anayeparura na kudonoa kutwa, na usiyachome hata kama kuni. Nenda kwa wanaopasua mbao za misonobari, saa 10 jioni wanapofagia. Ukishika konzi ukaminya, ukifungua kiganja yatawanyike yenyewe. Yakibaki donge, bado ni mabichi.